KADI MBILI ZA MICHORO: TARAKIMU ZA KARATASINI NA KAZI INAYOPIMWA

Utangulizi

Mashine nyingi zinazouzwa huambatana na karatasi ya sifa zake. Pampu ya maji huandikiwa lita inazovuta kwa dakika, na injini huandikiwa nguvu zake. Vivyo hivyo kadi ya michoro, yaani sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha za kwenye skrini, huandikiwa ukubwa wa kumbukumbu yake, idadi ya viini vyake vya kukokotolea na kasi ya kupitisha data. Mnunuzi hulinganisha tarakimu hizo, kisha hutoa fedha zake. Je, tarakimu hizo zinatosha kumwonyesha atakachopata? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kulinganisha kadi mbili za kampuni ya NVIDIA ya Marekani, GeForce GTX 980 na GeForce GTX 970, zilizotolewa pamoja mwezi wa Septemba 2014.

Kazi ya kadi ya michoro

Picha ya kwenye skrini ni mkusanyiko wa nukta ndogo zenye rangi. Skrini yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo ina nukta zipatazo milioni mbili, na ili mwendo uonekane laini, picha nzima hufanywa upya mara 60 hivi kwa sekunde. Kwa kawaida hesabu ya nukta moja haingojei hesabu ya jirani yake. Kwa hiyo kazi hiyo yaweza kugawiwa viini vingi vikokotoe kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu kadi ya michoro huwa na viini vidogo kwa mamia au maelfu, ilhali prosesa kuu ya kompyuta huwa na viini vichache vyenye uwezo mkubwa.

Hata hivyo, viini havina budi kulishwa. Data za maumbo na rangi hutunzwa katika kumbukumbu ya kadi yenyewe, na zikichelewa kufika, viini hukaa bure. Kwa hiyo anayepima kadi hana budi kutazama mambo mawili: uwezo wa kukokotoa, na wepesi wa njia inayoleta data.

Sifa zilizotangazwa

Jedwali lifuatalo linaonyesha sifa za kadi hizo kama zilivyotangazwa mwaka 2014.

| Sifa | GTX 980 | GTX 970 |
|---|---|---|
| Viini vya kukokotolea | 2048 | 1664 |
| Kasi ya msingi (megahezi) | 1126 | 1050 |
| Kumbukumbu (gigabaiti) | 4 | 4 |
| Upana wa njia ya kumbukumbu (biti) | 256 | 256 |
| Kasi ya kumbukumbu (gigabaiti kwa sekunde) | 224 | 224 |
| Umeme (wati) | 165 | 145 |
| Bei (dola za Marekani) | 549 | 329 |

Kadi zote mbili zilitumia chipu ya aina moja, yenye transista bilioni 5.2. Si rahisi kutengeneza vipande vya silikoni vya namna hiyo bila baadhi yake kupata kasoro. Kipande chenye kasoro ndogo hakitupwi, bali sehemu iliyoharibika huzimwa na kipande huuzwa kwa bei nafuu. GTX 980 ilikuwa na makundi 16 ya viini 128. GTX 970 iliachiwa makundi 13. Huu ni utaratibu wa kawaida wa viwanda vya chipu, nao humfaa mtengenezaji na mnunuzi pia.

Kwa kuwa kila kiini hufanya hesabu mbili kwa kila pigo la saa yake, GTX 980 kwa kasi ya msingi hufanya hesabu trilioni 4.6 kwa sekunde, na GTX 970 trilioni 3.5. Upungufu huo ni karibu robo, lakini bei ilipungua kwa asilimia 40, na kumbukumbu ilisemekana kuwa ileile. Si ajabu kwamba wanunuzi wengi waliiona GTX 970 kuwa chaguo la busara.

Chumba cha nane

Mnamo Januari 2015 ilidhihirika kwamba kumbukumbu haikuwa sawa. Watumiaji walikuwa wameona kwamba GTX 970 husita kutumia zaidi ya gigabaiti 3.5. Kampuni ilieleza kwamba pamoja na viini, sehemu moja kati ya nane za kumbukumbu ya akiba iliyo ndani ya chipu ilikuwa imezimwa, na kwamba karatasi ya sifa ilikuwa imekosewa.

Tuchukue mfano wa ghala lenye vyumba vinane, kila chumba na mlango wake. Wachukuzi wakitoa mizigo kwa milango yote minane, kazi huenda upesi. Sasa mlango wa chumba cha nane ukifungwa, mizigo yake haina budi kupitia katika mlango wa jirani. Ghala halikupungua ukubwa, lakini wachukuzi wa vyumba viwili wanasongamana mlango mmoja. Ili kuepuka msongamano huo, wahandisi waliitenga kumbukumbu katika mafungu mawili: gigabaiti 3.5 zenye kasi ya 196 kwa sekunde, na nusu gigabaiti yenye kasi ya 28 tu. Jumla yake ni 224, lakini mafungu hayo hayasomwi kwa wakati mmoja. Hivyo kasi ya 224 haikupatikana kwa kusoma peke yake.

Hata hivyo, nusu gigabaiti ile haikuwa bure kabisa. Njia ya kuifikia kumbukumbu kuu ya kompyuta haikuzidi gigabaiti 16 kwa sekunde.

Vipimo na wastani

Kampuni ilijitetea kwa vipimo. Katika mchezo wa Shadow of Mordor, picha zilipokuzwa hadi kumbukumbu iliyotumika ikapita gigabaiti 3.5, GTX 980 ilishuka kutoka picha 72 hadi 55 kwa sekunde, na GTX 970 kutoka 60 hadi 45. Upungufu ni asilimia 24 na 25, yaani karibu sawa.

Lakini tarakimu hizo ni wastani, na wastani huficha. Tuseme kwamba picha 59 zimechukua milisekunde 15 kila moja, na ya sitini imechukua 115. Jumla ni sekunde moja kamili, na wastani ni picha 60. Bali jicho limeuona mshtuko. Kwa hiyo mpimaji makini huandika muda wa kila picha, hasa zile zilizochelewa.

Mwisho

Mwaka 2016, katika suluhu ya kesi iliyofunguliwa Marekani, kampuni ilikubali kuwalipa wanunuzi wa huko dola 30 kwa kila kadi. Karatasi ya sifa ilikuwa imehesabiwa kuwa ahadi.

Anayenunua kadi ya michoro, mpya au iliyokwisha kutumika, na afanye mambo matatu. Kwanza, atafute vipimo vilivyofanywa na watu wasioiuza kadi hiyo. Pili, ahakikishe kwamba vipimo hivyo vimefanywa kwa kazi inayofanana na yake, kwa sababu anayetumia gigabaiti mbili hataligusa kamwe lile fungu la polepole. Tatu, kila aonapo tarakimu ya jumla, aulize kama sehemu zake zote zaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja.