Kaboni ya msitu: kwa nini tani huanzia kwenye tepe

Mti haupandishwi kwenye mizani. Katika hifadhi kama Udzungwa, ambako hata kukata fito ni kosa, anayetaka kujua mti umehifadhi kaboni kiasi gani hana budi kukadiria, na makadirio huanza na tepe.

Tepe huzungushwa kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, yaani usawa wa kifua. Mti ukiwa kwenye mteremko, mpimaji husimama upande wa juu. Ukiwa na mbavu pana shinani, kama miti mingi mikubwa ya msituni, inabidi kupanda ngazi na kupima juu ya mbavu hizo. Anayeona uvivu wa kubeba ngazi huharibu hesabu nzima: kwa kuwa kipenyo kinachotokana na mzunguko huo huzidishwa kwa chenyewe, kukipandisha kwa asilimia 10 kunapandisha kaboni kwa takriban asilimia 20.

Kisha huja urefu wa mti, halafu uzito wa mbao zake kwa ujazo. Hapa anahitajika mtu anayeitambua miti. Gogo la mpingo huzama majini, ilhali msufi wenye unene uleule una mbao nyepesi mno, kwa hiyo kaboni yake ni ndogo.

Vipimo hivyo vitatu huingizwa kwenye kanuni. Inayotumika sana ilichapishwa mwaka 2014 na Jérôme Chave na wenzake, kutokana na miti 4,004 ya maeneo 58 ya tropiki. Miti hiyo ilikatwa ikapimwa uzito. Ndiyo iliyotuwezesha kuiacha mingine imesimama.

Chukua mti wenye kipenyo cha sentimita 60, urefu wa mita 30 na mbao za uzito wa wastani. Kanuni inatoa uzito mkavu wa tani 3.3 hivi, bila mizizi. Asilimia 47 ya uzito huo ni kaboni, yaani kama tani 1.6. Ukitaka kujua ni hewaukaa kiasi gani, zidisha kwa 3.67: unapata karibu tani 5.8. Tofauti hii si ya wanasayansi peke yao. Sokoni huuzwa tani za hewaukaa, basi kijiji kinacholetewa mkataba wa msitu wake kiulize kwanza tani zinazotajwa ni za nini.

Vipimo vya ardhini vimewahi kusahihisha takwimu za dunia. Mwaka 2021, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulionyesha kuwa misitu ya milimani barani Afrika ina wastani wa tani 149.4 za kaboni kwa hekta juu ya ardhi. Makadirio yaliyokuwa yakitumiwa kimataifa yalikuwa tani 89.3. Ilidhaniwa kwamba miti ya milimani ni midogo. Kumbe mikubwa imejaa huko kama ilivyo mabondeni.

Setilaiti nazo zipo. Biomass, ya Shirika la Anga la Ulaya, ilirushwa Aprili 2025 ikiwa na rada ya mawimbi marefu yanayopenya majani hadi kwenye mashina na matawi makubwa. Hata hivyo, rada hiyo haiupimi uzito wenyewe. Inapokea mwangwi, na ili mwangwi huo ugeuzwe kuwa tani lazima ulinganishwe na viwanja vilivyopimwa ardhini, mti kwa mti, vikiwemo vile ambavyo mpimaji wake hakubeba ngazi.