Kuku Asiyeona Naye Ni Amana

Masika yanapokatika katika mwambao wetu, kutoka Bunju na Mapinga hadi Kaole na Bagamoyo mjini, mbu huwa wengi mno. Sisi hujifunika vyandarua. Kuku aliyelala juu ya mwembe hana wa kumfunika, na haipiti muda mrefu mwenye nyumba humwona akidonoa mchanga mahali pasipo na punje.

Katika nyumba moja tunayoifahamu, njia ya Kaole, mtetea mwenye vifaranga wanane alionekana asubuhi amesimama peke yake ilhali wenzake wanakimbilia pumba. Kope zake zote mbili zilikuwa zimezibwa na magamba meusi. Kijana wa nyumba alishauri auzwe siku ile ile, magharibi ikikaribia, ili mnunuzi asipate kumtazama vizuri. Ada ya madrasa ya wadogo zake ilikuwa inadaiwa, na shauri lile halikukosa wa kuliunga mkono. Bibi yake alilikataa. Alimkumbusha habari ya muuza nafaka wa Madina, ambaye Mtume (SAW) aliingiza mkono katika lundo lake akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea. Kuku wa kuuzwa gizani, alisema bibi, hana tofauti na nafaka ile.

Ndugu msomaji, ugonjwa uliompata mtetea yule ni ndui ya kuku. Huenezwa na mbu, na pia kwa kuku kugusana na kudonoana. Vipele hutoka mahali pasipo na manyoya: kwenye upanga, mashavuni na kwenye kope. Si ndui ya binadamu, wala haimwambukizi anayemhudumia kuku. Husababishwa na virusi, na kwa hiyo hakuna dawa ya kuiua. Antibiotiki husaidia tu pale bakteria wanapoingia katika vidonda. Hata hivyo, kuku wengi wenye ndui ya ngozi hupona wenyewe baada ya wiki mbili hadi nne.

Basi kwa nini hufa? Mara nyingi huuawa na njaa na kiu. Asiyeona hakipati chombo cha maji, na wenye nguvu humsukuma mbali na chakula. Sote tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Kuku aliyezibika macho hana tofauti na aliyefungwa kamba.

Bibi alimtenga mtetea katika tenga kivulini. Alimsafisha macho kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, bila kuyabandua magamba kwa nguvu, kwa kuwa kubandua huongeza jeraha na magamba yenyewe hubeba virusi. Asubuhi na jioni alimtumbukiza ncha ya mdomo katika maji, kisha akamlisha pumba iliyoloweshwa. Vifaranga vyake viliwekwa mbali naye.

Si kila jicho bovu ni ndui. Uso ukivimba na pua ikitoa kamasi lenye harufu mbaya, yaelekea ni mafua ya kuku, ugonjwa wa bakteria unaohitaji dawa mapema. Jicho likijaa usaha mzito mithili ya jibini, huenda kuku amekosa vitamini A. Mahindi meupe na pumba zake hayana vitamini hiyo ya kutosha. Mchicha, matembele na majani ya mlonge humpatia. Na kuku wengi wakitokwa machozi kwa pamoja ndani ya banda, chunguza hewa. Kinyesi kilichorundikana na kulowa hutoa amonia inayounguza macho. Iname hadi kimo cha kuku: macho yako yakiwasha, yake yamekwisha kuteseka. Ondoa randa iliyolowa, ufungue madirisha. Macho yaweza pia kuvimba kwa mdondo, na vifo vya ghafla vya kuku wengi ni sababu ya kumwita afisa mifugo bila kuchelewa.

Kinga ni nafuu kuliko hasara. Hapa hapa mkoani Pwani, kituo cha chanjo cha Kibaha kilicho chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) hutengeneza chanjo ya mdondo iitwayo TEMEVAC. Hutolewa tone moja katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini tone hilo halizuii ndui. Ndui ina chanjo yake, inayochomwa katika ngozi nyembamba ya bawa, na ni vyema itangulie msimu wa mbu. Fukieni pia madimbwi, na mimwage maji yaliyotuama katika vifuu na makopo.

Wapo wanaouliza kuhusu nyama. Kuku mgonjwa aliyechinjwa kisheria akiwa hai hayumo katika hukumu ya mzoga. Aliyekufa kabla ya kisu ni mzoga, hata kama amekufa sasa hivi. Na aliyepewa antibiotiki asichinjwe wala mayai yake yasiliwe mpaka zitimie siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.

Mtetea wa njia ya Kaole alifungua jicho la kulia katika wiki ya tatu. La kushoto halikurudi, akabaki chongo. Ada ya madrasa ililipwa kwa kuuza jogoo mzima, mchana, mbele ya macho ya mnunuzi. Mtetea angali anataga, na bibi humwekea maji upande wa kulia.