Matumbawe Laini Nyumbani: Hodhi la Kioo Lataka Lindo

Nchi yetu ya Uganda haina pwani. Wengi katika majeshi yetu waliiona Bahari ya Hindi kwa mara ya kwanza walipopelekwa Mogadishu kuanzia mwaka 2007. Hata hivyo wapo wachache, nasi tu miongoni mwao, waliothubutu kuweka bahari ndogo sebuleni: hodhi la kioo lenye maji ya chumvi, mawe na matumbawe laini. Makala haya yakusudia kumweleza ndugu askari mambo ambayo sisi tulijifunza kwa hasara.

SI JIWE WALA SI MMEA

Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, walioungana mwili mmoja. Matumbawe magumu hujenga miamba ya chokaa. Matumbawe laini hayana mfupa wa jiwe, bali nyama inayoshikizwa na vijiti vidogo sana vya chokaa. Kila polipu ina minyiri minane. Katika yale yafugwayo zaidi majumbani, ndani ya nyama huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hupokea nuru na kumlisha mwenyeji wake. Kwa hiyo taa ya hodhi si pambo, ni posho. Iwake saa nane hadi kumi kila siku, kwa ratiba isiyobadilika.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza jinsi alivyotunza viumbe wa bahari kwa kutumia mawe yaliyotoka baharini yakiwa na uhai wake. Siri ya mawe hayo ni bakteria. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Kikosi hicho huhitaji majuma manne hadi sita kujipanga. Atiaye matumbawe siku ya kwanza ayatia kaburini.

AMRI AMBAYO HATUKUIANDIKA

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, na joto lifaalo hodhi ni nyuzi 25 au 26. Hodhi letu la lita 200, basi, lilikuwa na kilo 7 za chumvi. Tulipotumwa kazini mbali na nyumbani kwa siku 21, tulimwachia mdogo wetu ulinzi wake. Tulimwambia kwa kinywa tu: "Maji yakipungua, yajaze."

Kijana alitii. Kila siku lita mbili zilipotea kwa mvuke, naye kila siku alijaza lita mbili za maji ya chumvi tuliyokuwa tumeyaweka akiba. Hakujua kwamba maji yapaapo kwa mvuke, chumvi hubaki. Katika siku 21 aliongeza karibu kilo moja na nusu ya chumvi. Tuliporejea, matumbawe mawili yalikuwa yamelala chini, yamesinyaa kama ngozi iliyoanikwa juani. Tulipunguza chumvi polepole kwa siku kadhaa, maana kuyashusha maji ghafula kungekuwa kosa juu ya kosa. Moja lilisimama tena. La pili lilioza, tukalitoa.

Hatukumlaumu kijana, kwa kuwa aliitekeleza amri kama alivyoipokea. Kosa lilikuwa letu sisi tuliokabidhi lindo bila maandishi. Tangu siku hiyo karatasi imebandikwa kando ya hodhi: kilichopungua kwa mvuke hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini, maji ya chumvi ni ya kubadilisha tu, sehemu moja ya kumi kila juma. Na umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa itumiayo betri iwashwe mara moja.

KUTAZAMA BILA KUGUSA

Tumbawe la jamii ya Sarcophyton, lenye umbo la uyoga, hujifunga mara kwa mara kwa siku kadhaa, likang'aa kama lililopakwa nta. Mgeni hudhani lafa. Hulihamisha, huongeza dawa, hubadilisha taa, na hapo ndipo huliua kweli. Kumbe linajivua utando wa juu ili kujisafisha. Pima maji, yakiwa sawa, rudisha mikono nyuma, ungoje. Dawa yenye shaba usiitie kamwe.

Lipo onyo lililo zito zaidi. Baadhi ya jamaa za matumbawe ziitwazo Palythoa, ambazo aghalabu huja zimeshikamana na mawe, zina sumu kali iitwayo palitoksini, iliyoelezwa na Moore na Scheuer wa Hawaii mwaka 1971. Mwaka 2018 huko Steventon, Uingereza, familia moja ilipelekwa hospitali baada ya hodhi lao kusafishwa, na wazimamoto waliofika kuwasaidia nao wakapelekwa kuchunguzwa. Usichemshe mawe ya hodhi, usiyamwagie maji ya moto, usiyasugue yakiwa makavu. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Askari polisi aitwaye kwenye nyumba ambamo watu wameugua ghafula, akiona hodhi la namna hiyo, awatoe watu nje kwanza.

UHAMISHO UKIFIKA

Askari hakai mahali pamoja. Habari njema ni kwamba tumbawe laini hukatika kwa wembe mkali, na kipande kikifungwa kwa uzi juu ya jiwe dogo, hushika na kukua. Kwa njia hiyo hakuna haja ya kuling'oa baharini, jambo ambalo Kenya na Tanzania hulikataza kwa sheria. Lile tumbawe letu lililosalimika limekwisha kutoa vipande vitatu, na kila kipande kimekwenda kwa mwenzetu kikiwa na nakala ya ile karatasi.