Ule ukurasa nilioufuta



Nilipokuwa naandika kazi yangu ya kumaliza masomo, kuhusu mto Mulongwe, niliweka ukurasa mmoja juu ya utoto wangu mlimani, huko juu ya Uvira. Mwenzangu mmoja akausoma, akacheka: "Dada, hii ni sayansi ao ni hadithi za kijijini?" Nikasikia haya, nikaufuta. Leo najuta. Nitawaeleza sababu kupitia maisha ya mama mmoja wa Kenya, Wangari Maathai.

Mama Wangari alizaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, kwenye milima ya Nyeri. Alikua akilima na mama yake na kutafuta kuni. Karibu na kwao palikuwa na mti mkubwa ambao Wakikuyu wanauita mugumo. Mama yake alimkataza kuokota kuni pale, juu ule ni mti wa Mungu. Jirani na mti kulikuwa kijito, na mtoto alicheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga.

Baadaye akasoma Marekani, na mwaka 1971 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kupe wa ng'ombe. Lakini alipokwenda vijijini kutafuta kupe, aliona mengine: mito imejaa udongo, majani hakuna, ng'ombe wamekonda. Kwao, mugumo umekatwa na kijito kimekauka.

Hapo ndipo mlima ulipofanya kazi yake. Mtu asiyejua kile kijito angeona maji machafu tu, basi. Yeye alijua yalivyokuwa mbele, kwa hiyo aliuliza: huko juu wamekata nini? Na kwa kuwa alijua nani anabeba kuni, mwaka 1977 alianza na wanawake wa vijijini kupanda miti, katika kazi inayoitwa Green Belt Movement. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Nobel ya amani, na hotuba yake kule Oslo aliimaliza kwa kile kijito na yale mayai ya vyura. Kitabu chake cha maisha, Unbowed, kilichotoka 2006, nacho kinaanzia utotoni, Ihithe. Hakuona haya. Na si mgeni kwetu: mwaka 2005 alichaguliwa kuwa balozi wa misitu ya bonde la Kongo.

Sasa turudi hapa Mulongwe. Aprili 2020 mto ulifurika, watu wakafa, manyumba mengi yakabomoka. Wengi walisema: ni mvua. Kweli, mvua ilikuwa nyingi. Lakini ule udongo na yale mawe yalitoka wapi? Sisi tuliokulia juu tunajua miteremko inakochomwa makala, na mashamba yanayoshuka wima hadi mtoni. Ukurasa nilioufuta ulitaja chemchemi yetu, na mwaka ambao yaya alianza kuvuka bonde kutafuta maji. Darasani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa na habari hiyo.

Sisemi kumbukumbu ni ushahidi wa kutosha. Kumbukumbu inakupa swali. Vipimo ndivyo vinaleta jibu. Lakini bila swali utapima nini? Basi dada yangu, na wewe kaka, kama umetoka mlimani, andika jina la mti katika lugha ya mama yako, andika chemchemi iko wapi na ilikauka lini. Kisha peleka vifaa vyako pale.

Mimi ule ukurasa nimeanza kuuandika upya. Wewe wako uliufuta wapi?