Kovu Badala ya Ngozi

Bibi akivua buibui mbele ya kioo, macho yake huenda mkononi, kwenye ngozi inayoning'inia chini ya kwapa. Mwili umepungua, ngozi haikuufuata. Mazoezi hukaza misuli tu, hayaikazi ngozi iliyokwisha kulegea. Daktari huikata akaishona. Lakini kovu, ndugu msomaji, hubaki upande wa ndani, toka kwapani hadi karibu na kisugudi, wala halifutiki; pengine na ganzi pia.

Wanazuoni wengi hutenganisha kuondoa madhara na kutafuta urembo mtupu. Arfaja alipoteza pua vitani, akavaa ya fedha ikanuka, Mtume (S.A.W.) akamwamuru avae ya dhahabu. Basi ngozi ikisuguana hata ikatoka vidonda joto la kaskazi, hapo swali ni jengine.