Rumba ya Kongo katika simu: fedha kidogo zianze kutumika wapi?

Desemba 2021, UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville. Nyumbani, hata hivyo, urithi huo hausikiki tena kutoka kwenye santuri. Nyimbo za Kabasele, Franco na Tabu Ley sasa zimo katika simu na kadi za memori, na mara nyingi gitaa hukwaruza na besi haisikiki. Mwenye fedha kidogo hujiuliza anunue kifaa gani kwanza.

Huenda asihitaji kununua chochote. Sauti huanzia kwenye faili, na kilichopotea humo hakirudishwi na spika yoyote. Wimbo wa dakika nne katika CD huchukua takriban megabaiti 42. Ukibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, hubaki chini ya megabaiti 4. MP3 ya kilobiti 320 hufikia karibu megabaiti 10, na kwa masikio mengi ni vigumu kuitofautisha na CD. Faili za FLAC hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote. Lakini kuigeuza faili ya 128 kuwa ya 320 ni kumimina kikombe cha chai katika ndoo: chombo kimekuwa kikubwa, chai ni ile ile.

Kwa upande mwingine, faili zinazouzwa kwa sifa ya kuishinda CD hazina faida kwa muziki huu. Studio za Ngoma, iliyoanza mwaka 1948, na Loningisa, iliyofuata mwaka 1950, huko Léopoldville, jina la zamani la Kinshasa, zilitoa santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo uwezo wake wa kubeba sauti ni mdogo kuliko wa CD. Muhimu ni nani aliyenakili, na kama santuri yenyewe ilikuwa safi.

Faili ikiwa nzuri, fedha ziende kwenye spika au vipokea sauti vya masikioni. Hapo ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko mahali pengine popote. Spika kubwa zilizokwishatumika mara nyingi huzishinda ndogo mpya za bei ile ile, mradi mnunuzi azikague: ukingo wa sponji au mpira unaoizunguka koni usiwe umemeng'enyuka, na koni ikisukumwa taratibu kwa vidole isitoe mkwaruzo. Kisha zisogezwe mbali na pembe za chumba, ambazo huivimbisha besi hadi ikaifunika sauti ya mwimbaji. Mkeka au zulia sakafuni hupunguza mwangwi. Programu za simu zinazoahidi besi nzito zizimwe kwanza, kwa kuwa zikizidishwa ndizo huleta mkwaruzo unaolaumiwa spika.

Kifaa cha kugeuza tarakimu kuwa sauti, ambacho wauzaji hukisifu sana, kije mwisho. Kilichomo ndani ya simu ya kawaida hutosha, isipokuwa kukisikika mvumo wakati wimbo umenyamaza, au vipokea sauti vikihitaji nguvu zaidi. Simu isiyo na tundu la vipokea sauti huhitaji adapta tu; ya Apple ya USB-C huuzwa dola 9 nchini Marekani. Waya za bei ya kutisha zibaki dukani.

Familia zenye kanda za kaseti zina jambo la haraka kuliko yote hayo. Utepe huchakaa hata ukiwa kabatini. Kanda inakiliwe ingali inazunguka, kwa ubora wa CD, na nakala mbili zihifadhiwe mahali tofauti. MP3 ya kuwekwa kwenye simu itatolewa humo baadaye. Kanda yenyewe isitupwe.