Picha Tano za Murang'a

Nchi ya Wagikuyu haina uhaba wa picha za dini. Mapadri wa Consolata walifika Tuthu, katika milima ya Murang'a, mwaka 1902, na tangu hapo Bi Maryamu aliyechorwa Ulaya ameenea makanisani mpaka Nyeri. Lakini msomaji atakayeshuka kutoka Nyeri mpaka mjini Murang'a, akaingia katika kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, atakuta jamaa wengine kabisa ukutani.

Picha ni tano, kubwa kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, usiku wa Gethsemane na kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na mama yake vivyo hivyo. Waliowazunguka ni Wagikuyu, na nchi wanayoikanyaga ni hiyo hiyo ya matuta na mabonde uionayo ukitoka mlangoni. Mchoraji, Elimo Njau, hakuwa mwenyeji wa hapo. Ni Mchaga aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere kwa Bi Margaret Trowell. Kazi hii ilipokamilika mwaka 1959 hakuwa hata amefikisha miaka thelathini.

Mimi nimelelewa chuoni, kwa mwalimu aliyetukataza kuchora umbo la mtu, sembuse la mtume. Kwa imani yangu Isa bin Maryamu hakuuawa wala hakusulubiwa, na mama yake uchungu ulimshika penye shina la mtende. Kwa hiyo mbele ya picha ya tano nilisimama kama mtu aliyekwenda kuhani msiba wa nyumba asiyoizoea. Msiba wenyewe, hata hivyo, niliutambua.

Maana kanisa hili si kanisa la hivi hivi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, liwe ukumbusho wa Wakristo wa Kigikuyu waliouawa katika vita vya Mau Mau, wengi wao kwa kukataa kula kiapo. Wakati huo Murang'a ikiitwa Fort Hall. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa haijaondolewa. Watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na maelfu wamo kizuizini. Penye kuchujwa watu aliketi mmoja aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, majirani zake wakipitishwa mbele yake. Akitikisa kichwa tu, mtu ameondoka. Wagikuyu wanamwita gakunia.

Sasa kijana wa Kichaga anakabidhiwa ukuta wa ukumbusho wa namna hiyo. Angeweza kuchora mapanga na wafia dini, na Serikali ya kikoloni ingempigia makofi. Yeye alichora Injili tu. Lakini hebu fikiri, msomaji: Gethsemane ni usiku ambao mtu alisalitiwa na mwenziwe waliyekula naye sahani moja, na katika picha wote wawili ni watu wa matuta haya. Mgikuyu wa mwaka 1959 hakuhitaji kasisi amfasirie. Mjane wa aliyechinjwa kwa kukataa kiapo aliweza kumwona mumewe pale msalabani. Na mama ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa zaidi ya elfu moja walionyongwa na Serikali aliweza kumwona mwanawe pale pale. Jiwe la msingi liliwekwa kwa ajili ya wafu wa upande mmoja. Picha, nionavyo mimi, zimewalilia wote, nami kwa hilo namhesabu Njau kuwa mkubwa kuliko kazi aliyopewa.

Wapo walionung'unika kwamba Yesu mweusi ni siasa. Hao wangeanza na wachoraji wa Italia, waliomgeuza mtu wa Palestina kuwa mwana wa Florence. Nasi wa pwani tusicheke. Katika tenzi zetu za kale Masahaba hunena Kiswahili cha Pate na Lamu, hutukanana na kutambiana kwa lahaja yetu, na sijapata kumsikia mzee aliyeona ajabu.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walifungua nyumba ya sanaa mjini Nairobi, wakaiita Paa ya Paa, yaani mnyama yule paa anapaa juu. Sisi washairi jina kama hilo hutukosesha usingizi, kwa kuwa paa pia ni la nyumba, na samaki naye hupaliwa magamba, wengine husema hupaawa. Humo alihimiza jambo moja miaka nenda miaka rudi: msanii asiige, kwani kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Nyumba hiyo ilikuja kuhamia Ridgeways, kando ya barabara ya Kiambu, na huko mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka thelathini. Zile tano za Murang'a hazikuwamo. Zilikuwa mahali pake, ukutani, juu ya vichwa vya wajukuu wa waliokula kiapo na wa waliokikataa.